Nani Aliipa Bunduki Jina?

Mwezi wa tatu, kijana mmoja wa kikundi chetu alikuja kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza akiwa na bunduki ya mti. Ana miaka 13. Aliichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Mtutu ni kipande cha bomba la plastiki, mkanda ni mpira wa tairi la baiskeli. Kwenye kitako alikuwa amechoma herufi kwa msumari wa moto: PEACEMAKER. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Kaka, hiyo ni bunduki ya sherifu. Maana yake mleta amani. Niliiona kwenye video."

Siku hiyohiyo tulikuwa na mgeni kutoka shirika moja. Alipoiona ile bunduki aliniita pembeni, akasema kitu hicho kitoke, na mtoto asirudi mpaka wazazi wake waitwe. Nilimwelewa. Mtoto ametoka upande wa Fizi, na mtu anayefanya kazi na watoto waliokimbia vita ana sababu ya kuogopa. Lakini huyu hana wazazi wa kuitwa, anaishi na bibi yake. Nikaomba wiki mbili. Nilisema nitakaa na vijana wote tuzungumze historia ya bunduki zenye majina, halafu ndipo tuamue.

Kumbe mimi mwenyewe sikuijua hiyo historia. Nimemaliza kidato cha nne hapahapa, na shuleni tulisoma vita kwa tarehe tu. Ikabidi nipande minibasi kwenda Lilongwe mara mbili kutafuta vitabu, ninunue bando, niulize na wazee. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya vijana, na pia kwa ajili yenu ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili.

Sherifu na bastola yake

Nilianza na bunduki ya mtoto. Peacemaker ni bastola ya kampuni ya Colt ya Marekani, iliyotoka mwaka 1873. Ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya jeshi, na jina lake la kijeshi ni kavu tu. "Mleta amani" ni jina la sokoni. Yani jina lilitoka kwa wenye bidhaa ya kuuza. Hakuna mtu aliyepigwa na bastola hiyo aliyeulizwa kama ameona amani.

Halafu kuna Wyatt Earp, ambaye filamu nyingi za masherifu zinatoka kwake. Watu wanasema alikuwa na bastola yenye mtutu mrefu sana iitwayo Buntline Special. Hadithi inasema kwamba mwaka 1876 mwandishi wa riwaya za bei rahisi, Ned Buntline, aliwazawadia bastola hizo walinzi watano wa sheria wa mji wa Dodge City. Habari hii ilienea kupitia kitabu cha Stuart Lake kilichotoka mwaka 1931. Earp alikuwa ameshafariki mwaka 1929. Watafiti walipochunguza hawakuona ushahidi kwamba oda hiyo iliwahi kuwapo. Lakini kuanzia mwaka 1955 televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo wa Wyatt Earp, watu wakaipenda ile bastola, na Colt wenyewe wakaanza kutengeneza bastola kwa jina hilo na kuiuza. Hadithi ilitangulia, bunduki ikafuata.

Vijana walipenda sana sehemu hii. Mmoja akasema, "Kwa hiyo sherifu alidanganywa akiwa kaburini." Tulicheka. Lakini nikawaambia kuna mlinzi wa sheria mwingine ambaye kwenye kibanda cha video hawajamwona. Bass Reeves alikuwa mtu mweusi, alizaliwa mtumwa mwaka 1838. Kuanzia mwaka 1875 mpaka 1907 alifanya kazi ya kukamata wahalifu katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Kinachokumbukwa zaidi kwake si silaha. Ni kwamba mwanawe mwenyewe aliposhtakiwa kumuua mkewe, Reeves alichukua hati ya kumkamata, akaenda, akamleta mahakamani. Hilo liwekeni akilini, nitarudi kwake.

Mtu aliyeitwa kwa mlio

Yule mtoto akaniuliza, "Na sisi, kaka? Sisi hatukuwa na masherifu?" Swali zuri. Tulikuwa nao, na mmoja wao jina lake lilitokana na bunduki.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi alikuwa mfanyabiashara wa Zanzibar aliyeingia bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa, mpaka akatawala eneo kubwa la Maniema akiwa Kasongo. Sisi tunamjua kama Tippu Tip. Wengine wa wakati wake walisema aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akipepesa macho. Lakini yeye mwenyewe, katika habari za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili, alisema jina lilitokana na mlio wa bunduki zake. Watu aliowapiga walisikia tip, tip, tip, wakamwita hivyo.

Fikirini kidogo jambo hilo. Yeye hakuipa bunduki jina. Bunduki ndiyo iliyompa yeye jina, kupitia midomo ya watu waliokuwa wanakimbia. Na yeye akalipokea kama sifa.

Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kwa mkono wa Stanley, alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, mahali ambapo leo ni Kisangani. Mshahara ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Kazi moja aliyopewa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa katika eneo lake. Mtu aliyejulikana kwa mlio wa bunduki za kukamata watu, sasa ndiye sheria. Wazee wa Maniema niliowauliza hapa kambini hawakushangaa hata kidogo. Mmoja alisema, "Mwanangu, kwetu hilo si jambo la zamani."

Stanley naye alikuwa na jina. Watu wa Kongo ya chini walimwita Bula Matari, mvunja mawe, alipokuwa akipasua miamba kutengeneza barabara. Alilipenda mpaka likaandikwa kwenye jiwe la kaburi lake Uingereza. Lakini Kongo jina hilo lilihama. Likawa jina la serikali yenyewe, ile iliyowalazimisha watu kuleta mpira wa porini kwa viboko na bunduki. Bula Matari amekuja, yani serikali imekuja, kimbieni. Neno ni hilohilo moja. Kaburini ni sifa, kijijini ni onyo.

Na sisi tunaokaa hapa tukielewana kwa Kiswahili, Mkongo na Mrundi na Mnyarwanda, tusisahau kwamba lugha hii ilifika Kongo kwa njia ya misafara ileile. Siichukii kwa ajili hiyo, ni lugha ya mama yangu. Nasema tu kwamba ilitembea pamoja na bunduki.

Karonga

Wengi wetu tuliingia Malawi kupitia Songwe, tukalala kwanza Karonga. Mimi nililala pale nikiwa na miaka 9. Nakumbuka joto la ziwani na mbu. Hakuna aliyeniambia kwamba hapo Waswahili waliwahi kupigana vita vya miaka mingi.

Mfanyabiashara mmoja, Mlozi, alijenga ngome zake karibu na Karonga na kujiita sultani wa Wangonde. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, wakawaua wengi kwenye matete ya Kambwe walikokuwa wamejificha. Nalieleza hili wazi kwa sababu baadhi ya vijana, waliposikia Mlozi alikuwa anazungumza Kiswahili, walitaka awe shujaa wetu. Hapana. Kuzungumza lugha moja hakumfanyi mtu kuwa mwema.

Upande wa pili walikuwa Waingereza wa Kampuni ya Maziwa ya Afrika, ambayo wenyeji waliiita Mandala kwa sababu ya miwani ya mmoja wa mameneja wake, John Moir, iliyokuwa inang'aa. Mwaka 1888 akaja ofisa kijana, Frederick Lugard, kuwaongoza. Alishambulia ngome ya Mlozi mwezi wa sita, akapigwa risasi, akashindwa. Baadaye wakaletewa mzinga mdogo. Makombora yake yalipita kwenye ua wa miti na udongo yakaacha matundu tu, ngome ikabaki imesimama.

Lugard aliondoka, lakini hakusahau. Katika msafara wa Stanley wa mwaka 1887, ule uliomchukua pia Tippu Tip kwa meli kutoka Zanzibar mpaka mdomo wa mto Kongo, kulikuwa na bunduki mpya iitwayo Maxim, kwa jina la aliyeibuni, Hiram Maxim. Ilikuwa na uwezo wa kutema risasi kama 600 kwa dakika. Bunduki ileile, ikiwa imeshachakaa, baadaye ilifika kwa Lugard, naye akawa nayo Uganda katika mapigano ya Mengo mwezi wa kwanza 1892. Kwenye vitabu jina lake ni Maxim, la mtu aliyeibuni. Kwenye Kiswahili bunduki za namna hiyo zimeitwa bombomu. Hamhitaji kuambiwa jina hilo lilitungwa na nani. Ni sikio ndilo lililotunga.

Karonga yenyewe iliisha Desemba 1895. Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza wa nchi hii, alikuja na mizinga na askari Masingasinga kutoka India. Mlozi alikutwa amejificha katika chumba cha chini ya ardhi. Akahukumiwa na machifu wa Kingonde, Johnston akiwa amesimamia baraza, akanyongwa. Ni haki au ni kisasi? Tulibishana jioni nzima. Msichana mmoja alisema, "Wangonde walikuwa na haki ya kumhukumu. Lakini mzinga haukuwa wao." Baada ya hapo nchi ikabaki mikononi mwa mwenye mzinga.

Hata ziwani mambo yalikuwa hayo. Wajerumani walikuwa na meli iliyoitwa Hermann von Wissmann, kwa jina la ofisa aliyewavunja nguvu watu wa pwani waliopigana pamoja na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Waingereza walikuwa na meli yenye mizinga iitwayo Guendolen, jina la mwanamke. Mwezi wa nane 1914 Guendolen ilikwenda mpaka bandari ambayo leo ni Liuli, Tanzania, ikaipiga Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vitabu vinapenda kusimulia kwamba manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Ni kisa cha kuchekesha. Lakini baada ya kucheka, vita ile ilihitaji watu wa kubeba mizigo.

Lilongwe, karibu na Bunge, kuna mnara mrefu wa kumbukumbu ya wanajeshi. Siku ya safari yangu ya pili nilisimama pale kabla ya kurudi kutafuta usafiri. Nilikuwa nawafikiria tengatenga, ndivyo wanavyowaita hapa Malawi wale wapagazi waliobeba risasi, unga na vipande vya mizinga kwenye vita ile ya kwanza, wengi wakafa kwa njaa na kuhara, siyo kwa risasi. Upande wa Tanzania jina lao limebaki sokoni. Kariakoo ya Dar es Salaam imetoka kwenye jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Meli na mizinga ina majina kamili vitabuni. Waliobeba wamebakiwa na jina moja la jumla, kama mizigo.

Subira

Sasa naandika sehemu ambayo sikuwaambia vijana siku ya kwanza.

Baba yangu mdogo alikuwa kwenye kikundi cha ulinzi cha kijiji chetu. Sikutaji kijiji. Alikuwa na Kalash moja ya zamani, kitako kimefungwa waya, na aliiita Subira. Usiku sisi watoto tukiogopa, alikuwa akisema, "Laleni. Subira hajalala." Na tulilala kweli. Kwa miaka mingi, hata hapa Dzaleka, jina hilo lilikuwa kwangu jina la usalama. Nikisikia mahubiri kuhusu subira, mimi naona ile bunduki.

Kuna mama mmoja tunapanga naye foleni kwenye kisima. Ametoka kabila lingine, ng'ambo ya mlima wetu. Siku moja alikuwa anasimulia njia waliyopita kukimbia, akasema, "Tulipofika pale bariera ya Toa Kwanza." Akaeleza mahali. Mto, mwembe ulioungua upande mmoja, kibanda cha turubai la bluu. Nikamuuliza kwa nini paliitwa hivyo. Akasema ni jina la bunduki ya mwanaume aliyekuwa analinda pale, bunduki yenye waya kwenye kitako. Ukifika, anaiweka juu ya meza, na hakuna mazungumzo mpaka utoe.

Ndoo yangu ilikuwa imejaa, maji yanamwagika. Mama akaniambia, "Baba, maji." Sikusema kitu. Nilibeba nikaenda nyumbani, nikakaa na siri hiyo miezi minne. Nilijitetea moyoni kwamba walinzi hawakuwa na mshahara, kwamba risasi zilinunuliwa, kwamba bila bariera sisi tungeuawa. Labda yote ni kweli. Lakini kila nilipofika kwenye habari za Tippu Tip au Bula Matari, nilijua tayari nazisoma kama mtu wa nyumba ile.

Ndipo nikakutana na habari ya Bass Reeves na mwanawe. Mimi si mlinzi wa sheria, na baba yangu mdogo alishafariki. Hakuna wa kumkamata. Nilichoweza ni kusema tu. Nilikwenda kwa yule mama jioni, nikamsalimia, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia, "Mama, mwenye ile Toa Kwanza ni baba yangu mdogo. Kwetu tuliiita Subira."

Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kuchambua maharage. Halafu akauliza, "Yuko hai?"

"Hapana, mama."

"Mungu amrehemu." Akachambua tena. "Chumvi yangu ilikuwa kilo nane."

Hakusema zaidi, na sikuwa na jibu. Siku hizi tunasalimiana kama zamani, pengine kwa sauti ya chini kidogo. Nilimpelekea chumvi. Aliipokea nusu, nusu akanirudishia.

Tulichoamua

Wiki mbili zilipoisha, tulikaa na vijana, na mgeni yule alikuja. Niliwaeleza habari ya Subira. Nikawaambia kitu kimoja nilichojifunza. Ukisikia silaha ina jina zuri, uliza jina hilo limetoka upande gani wa mtutu. Anayeishika ataiita amani, subira, mwanamke, nchi. Anayeelekezewa ataiita kwa mlio wake, au kwa kile ilichomnyang'anya. Majina yote mawili ni ya kweli, lakini moja ndilo linaloingia kwenye filamu.

Niliwaambia pia kuhusu Mikhail Kalashnikov, ambaye jina lake wanalitaja kila siku. Mwishoni mwa maisha yake, kabla hajafariki Desemba 2013, aliandika barua kwa kiongozi wa kanisa lake Urusi, akieleza maumivu ya roho na kuuliza kama na yeye ana hatia ya vifo vya watu waliouawa kwa bunduki yake. Kijana mmoja akauliza, "Kwani hakuwa Mkongo?" Alidhani Kalash ni neno letu.

Hata mahali tulipokaa pana jina la namna hiyo. Dzaleka lilikuwa gereza la wapinzani wakati wa Kamuzu Banda, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Kuleka kwa Chichewa ni kuacha, na wenyeji wanasema lilikuwa onyo kwa mfungwa, utaacha tu. Aliyelitamka kwanza kwa maana hiyo hakuwa mfungwa. Leo watu zaidi ya 50,000 wanaliita nyumbani, na watoto waliozaliwa hapa wanasema "mimi wa Dzaleka" bila kuogopa kitu. Kwa hiyo jina linaweza kubadilika mikononi mwa watu, ingawa inachukua miaka.

Mgeni alikubali mtoto abaki. Namshukuru kwa kusikiliza. Kwenu wenzake naomba hivi: mkikuta mtoto ana silaha ya mti, muulizeni jina lake kabla ya kuichukua. Mnaweza kusikia mambo ambayo fomu haina nafasi yake.

Bunduki iko kwenye kabati la ofisi yetu, tunaitumia kwenye mchezo. Yule mtoto alikwangua herufi zote kwa kipande cha chupa. Nilimuuliza ataandika jina gani sasa. Akasema bado. Kwanza anataka kumuuliza bibi yake ile iliyokuja kwao usiku waliiitaje.